Barua kwa Mama Mkunga: Dokta, Mfungo Tisa ni wiki ngapi?

Kila Novemba, tarehe 17 ikikaribia, ambayo ni Siku ya Watoto Njiti, barua zenu zinageuka ghafla. Zinaacha kuuliza habari za kichefuchefu na miguu kuvimba, zinaanza kuuliza habari za watoto waliowahi kutoka. Mwaka huu nimeshangaa jambo moja: nusu ya walioandika si wazazi. Ni waganga wenyewe. Basi leo wao ndio watakaotangulia, na wenye miguu iliyovimba waiweke juu ya mto kidogo, nitawafikia mwezi ujao.

*Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni daktari. Nimemaliza miaka 5 ya chuo na sasa niko kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo hapa mkoani Tanga. Kwetu ni Sumbawanga. Nikiwa zamu ya usiku aliletwa mama mmoja saa 4, chupa imepasuka, uchungu unaanza kwa mbali. Kadi ya kliniki ameisahau nyumbani. Nilipomuuliza siku zake za mwisho alinijibu, "Idi Mosi, Dokta, na keshokutwa unaandama wa Mfungo Tisa." Sikuambulia kitu. Mama mkwe wake akanisaidia: "Miezi minane, mwanangu." Nikazidisha kichwani, nikapata wiki 34 na ushei. Nesi akaniuliza, "Dokta, tumchome deksa?", yaani deksamethasoni, ile sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Nikamwambia ameshavuka 34, hakuna haja, asubuhi apigwe utrasaundi. Alijifungua kesho yake saa 8 mchana, mtoto wa kilo 1.8, akakaa kwenye oksijeni siku 11. Kadi ilipoletwa, hesabu yake ilisoma wiki 33 na siku 3 usiku ule alioingia. Mtoto amepona. Mama yake alipokuwa anaondoka alinishika mkono akanishukuru mno, na hizo shukrani ndizo zinazoninyima usingizi. Nilikosea wapi, na mbona chuo hakikunifundisha?*
*Dokta wa Zamu, Tanga*

Marahaba mwanangu, na pole. Ngoja nikutoe kwenye lawama moja halafu nikuingize kwenye nyingine.

Mpaka wa wiki 34 ulikuwa unaujua. Sindano yenyewe ulikuwa unaijua. Kilichokupiga chenga ni mwezi. Huku Pwani wanawake wengi wa umri wa yule mama mkwe, na wengi wa umri wa mkwewe pia, wanahesabu mimba kwa mwezi wa juu, ule unaoandama. Idi ya kufuturu ndiyo Mfungo Mosi, unafuata wa Pili, wa Tatu, mpaka wa Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe. Mwezi huo una siku 29 au 30. Wa siku 31 hauko. Miezi minane ya mfungo ni siku 236 hivi, yaani wiki 33 na siku 5. Miezi minane ya kalenda ya ukutani ni siku 243 hivi, yaani wiki 34 na siku 5. Tofauti yake ni wiki nzima, na wiki hiyo, kwa bahati mbaya yako, imekalia mpaka wenyewe wa deksa. Mama mkwe hakukudanganya hata kidogo, ila kalenda yake na yako ni mbili.

Mimi sikufundishwa hili chuoni. Nilifundishwa na matroni wangu wa kwanza, mwanamke mfupi mkali aliyekuwa akitembea na funguo kiunoni kama mwenye ghala. Alinishika mkono wa kushoto akaufungua. Vidole vinne, kila kimoja vifundo vitatu, jumla 12, miezi ya mwaka. Gumba ndicho kijiti cha kuhesabia. Unaanzia kidole cha mwisho, kifundo cha chini: Mfungo Mosi. Ukifika kifundo cha kati cha kidole cha kati, miezi minane imetimia. "Hapo," aliniambia, "bado hujachelewa, lakini usikae kunywa chai." Na kama vidole vinakutia uvivu, kuna njia ya mkato: zidisha miezi kwa 30, halafu toa nusu ya idadi ya miezi. Minane mara 30 ni 240, toa 4, unabaki na 236. Gawa kwa 7. Hesabu ya darasa la tano.

Sasa utrasaundi. Ya mapema, kabla ya wiki 24, ni shahidi mzuri sana, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka kila mjamzito apate moja kabla ya hapo. Lakini ile uliyotaka kuingoja asubuhi, mimba ikiwa imeshakwenda miezi minane, inaweza kukosea wiki 2 mpaka 3 kwenda mbele au kurudi nyuma. Uliacha neno la mwanamke anayeijua siku yake kwa sababu ilikuwa siku ya Idi (nani anasahau siku ya Idi?) ukaenda kungoja mashine ambayo kwa wakati ule ingekujibu kwa kubahatisha. Kanda ya kupimia tumbo ingetosha kukupa shaka: kutoka mfupa wa kinena mpaka kilele cha tumbo, sentimita zinakaribiana na wiki. Nayo ina makosa yake, hasa chupa ikishapasuka, maana maji yakipungua tumbo nalo hupungua. Ndiyo sababu unawasikiliza mashahidi wote.

Tuhesabu na saa. Aliingia saa 4 usiku, akajifungua saa 8 mchana, yaani saa 16. Sindano ya kwanza ingekuwa saa 4 usiku, ya pili saa 4 asubuhi. Dozi kamili ni nne, miligramu 6 kila baada ya saa 12, kwa hiyo asingemaliza. Wengi wenu hapo ndipo mnapokata tamaa: "Hatamaliza, ya nini kuanza?" Mwongozo wa Shirika la Afya unasema anza, hata kama unaona hatamaliza. Kwamba mtoto yule asingehitaji oksijeni kabisa, hakuna wa kukuapia. Huenda zile siku 11 zingekuwa 5. Huenda zisingepungua.

Wasomaji wangu wasio waganga wanauliza hiyo deksa inafanya nini, basi niseme. Mapafu ni vifuko vidogo vidogo vya hewa, na ndani ya kila kifuko kuna utelezi unaozuia kuta zake zisigandane. Wale mnaokumbuka mifuko ya rambo kabla haijapigwa marufuku: ukiulowesha ukaubana, kuufungua ni kazi. Mapafu ya njiti ndivyo yalivyo, utelezi haujatosha, kila pumzi anaanza upya kuufungua mfuko uliogandana. Utamjua. Anaguna kila anapotoa pumzi, mguno mdogo kama wa mzee anayeinuka mkekani. Pua zinatanuka. Chini ya mbavu kunabonyea ndani kila anapovuta, mpaka unaweza kuhesabu mbavu. Anafanya hivyo mara 60, 70, 80 kwa dakika, na njiti wa kilo 1.8 hana akiba ya nguvu za kufanya hivyo kutwa nzima. Deksa anachomwa mama, inapita kwenye kondo, inamfikia mtoto na kuyahimiza mapafu yake yatengeneze utelezi kabla hajatoka. Ndiyo maana huku tunaziita sindano za kukomaza mapafu.

Umeniuliza mbona chuo hakikukufundisha. Mwanangu, hiyo dawa ina historia ya kutofundishwa. Alianza Graham Liggins, daktari wa wazazi wa kule Auckland, New Zealand, aliyekuwa akichunguza kondoo. Aliona mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya wakati baada ya kupewa dawa ya jamii hii anapumua, wakati kwa hesabu zote hakupaswa kuwa hai. Akashirikiana na Ross Howie, daktari wa watoto, wakajaribu kwa akina mama 282, na mwaka 1972 wakachapisha: waliochomwa, vifo vya watoto wao vilikuwa vichache kuliko vya wasiochomwa. Unadhani dunia iliruka juu kwa furaha? Madaktari wengi wa Marekani na Uingereza waliendelea kusitasita kwa miaka 20 na zaidi. Mpaka 1994 ndipo taasisi za afya za Marekani zilipoitisha kikao na kusema wazi kwamba wapewe. Lile shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba, nembo yake ya duara yenye vistari ndani ni mchoro wa majaribio ya dawa hii hii. Jibu liliwekwa kwenye nembo, tena kwa sababu lilikaa miaka mingi mbele ya macho ya watu bila kusomwa. Kwa hiyo usijione mjinga wa peke yako.

Ila usitoke hapa ukachome kila tumbo. Kuna sura ya pili ambayo wanaofundisha huwa wanairuka. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ambapo sindano hizi zilisambazwa mpaka ngazi za chini kabisa. Vifo vya watoto wachanga kwa jumla havikupungua. Viliongezeka, na akina mama wakaonyesha dalili zaidi za maambukizi. Wengi waliochomwa hawakuwa na njiti tumboni, wiki zao zilikuwa zimekisiwa. Halafu mwaka 2020 likatoka jaribio jingine, Kenya na Nigeria zikiwemo pamoja na nchi za Asia, safari hii kwenye hospitali zenye huduma ya njiti, wiki zikiwa zimethibitishwa kwa utrasaundi. Huko vifo vilishuka kutoka watoto 23.5 kwa kila 100 mpaka 19.6. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu faida ilishaonekana. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni hesabu ya wiki na mahali alipozaliwa mtoto. Mimi nikiona daktari anaijua deksa lakini hajui kuhesabu wiki, namhesabu kuwa bado hajaijua deksa.

Masharti yenyewe uyaweke kichwani kama namba ya simu ya mama yako. Wiki zijulikane, kati ya 24 na 34. Kuwe na sababu ya kuamini atajifungua ndani ya siku 7. Asiwe na maambukizi ya mfuko wa uzazi, homa na uchafu unaonuka. Na awe mahali ambapo yeye atazalishwa vizuri na mtoto atapashwa joto, atalishwa, na oksijeni ipo. Zaidi ya hapo, mambo niliyoyakuta wodini kwa madaktari wapya, tena wenye alama nzuri: mmoja alikataa kumchoma mama mwenye presha akidhani deksa itaipandisha, na kumbe mwenye kifafa cha mimba kinachonyemelea ndiye hasa anayeweza kulazimika kuzalishwa mapema. Mwingine alidhani pacha hawapewi. Wa tatu alimnyima mwenye kisukari. Anapewa, ila sukari yake ipimwe mara kwa mara maana itapanda siku hizo. Na walio wengi wanachanganya vipimo vya ndugu wawili: betamethasoni ndiyo miligramu 12 mara mbili, saa 24 katikati. Deksa ni 6 mara nne. Ampuli nyingi za deksa tunazopata zimeandikwa miligramu 4 kwa kila mililita, kwa hiyo 6 ni mililita moja na nusu. Nimewahi kumshuhudia kijana ameikodolea macho ampuli kama barua ya mahari, hajui avute kiasi gani, na anaona aibu kuuliza.

Hapo ndipo lawama yangu ya pili ilipo. Nesi alikuuliza, "Tumchome deksa?" Nesi wa leba wa Tanga hakuulizi swali hilo saa 4 usiku kwa sababu hajui. Anakuuliza kwa heshima, kwa kuwa wewe ndiye daktari. Ungemrudishia: "Dada, wewe unaonaje?" Angekuhesabia kwenye vifundo.

*Shikamoo Mama. Mke wangu ana mimba ya wiki 31, alilazwa juzi kwa tishio la uchungu, wakamchoma sindano nne. Nikasoma kwenye faili: deksamethasoni. Dada yake anasema hivyo si ndivyo vile vidonge wanavyomeza wasichana ili wanenepe mashavu na makalio? Sasa mtoto wangu atazaliwa kavimba?*
*Baba Mtarajiwa, Makorora*

Marahaba baba. Shemeji yako ana macho. Ndiyo, ni dawa ile ile inayouzwa kichochoroni kama dawa ya kunenepa, na wanaoimeza hivyo kwa miezi wanajiharibia mifupa, sukari na presha. Uso unakuwa mviringo kama sinia. Mke wako amepata sindano nne ndani ya siku mbili, basi. Kwa kiasi hicho mtoto havimbi. Kama uchungu umetulia na wiki inapita salama, mshukuruni Mungu na msiombe zichomwe tena "kwa usalama". Kurudia kuna masharti yake na ni mara moja tu. Mwambie shemeji awapeleke hao wasichana kwangu.

*Mama Mkunga, salamu nyingi. Mimi natoka ng'ambo ya mto Pangani. Mwaka jana nikiwa na pacha wa wiki 30 nilishikwa na uchungu. Kwenye zahanati nilichomwa sindano ya mapafu, nikaandikiwa barua ya rufaa kwenda Tanga. Pantoni ilikuwa imeshalala, tukavuka kwa boti ya wavuvi, tukakosa gari, tukafika mjini asubuhi. Barua iliandikwa "deksa saa 4". Daktari akasema basi ya pili ni saa 10 jioni. Mimi nilijua nimechomwa saa 4 usiku, kwa hiyo ya pili ni saa 4 asubuhi, lakini niliogopa kumsahihisha daktari. Nilijifungua siku tatu baadaye, wanangu wako hai, wanatambaa. Lakini nataka kujua, lile kosa lilikuwa kubwa? Na mgonjwa ana ruhusa ya kusema?*
*Mama Pacha, Pangani*

Hongera mwanangu, na pacha nao hongera kwa kutambaa.

Kosa hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda. Anayeandika anafikiri kwa Kiswahili, saa 4, giza limeshaingia. Anayesoma amefundishwa saa za kizungu, anaiona 4 anasoma alfajiri, ile ambayo sisi tunaiita saa 10. Saa sita zimepotea hewani na wote wawili wanajua kusoma. Kwako sindano ya pili ilikuja saa 18 baada ya ya kwanza badala ya 12. Si vizuri, lakini dozi zote nne zilipatikana kabla hujajifungua, na uzazi wa siku tatu baadaye unaingia pazuri kabisa, kwa hiyo usiende nalo kitandani. Mwenye uchungu unaokimbia, saa sita hizo ni sindano nzima.

Waganga wanaosoma hapa: kwenye barua ya rufaa andikeni 22:00. Saa za tarakimu nne hazina Kiswahili wala Kizungu. Andikeni na miligramu ngapi, sindano ya ngapi, na wiki mlizipataje, kwa siku za mwisho au kwa utrasaundi. Nimepokea barua zilizoandikwa "amepewa steroidi" tu, jina la jamii nzima ya dawa hizi, kama mtu aliyekwambia "nimekula chakula". Kipi? Saa ngapi? Akashiba? Daktari wa mjini akipata barua ya hivyo anaanza upya, au, mbaya zaidi, anadhani imekwisha.

Aliyekuchoma zahanati simlaumu, hapana. Kadi ilikuwa mkononi, wiki zinajulikana, na alikuwa anakupeleka kwenye wodi ya njiti. Alifanya ipasavyo, kalamu tu ndiyo ilimwangusha.

Ruhusa ya kusema unayo, na huhitaji kumsahihisha mtu. Unasema habari zako: "Dokta, mimi sindano nilichomwa saa nne usiku, kabla ya kuvuka mto." Hapo umetaja saa, umetaja na mto. Na siku hizi simu zina kamera. Piga picha ampuli na barua kabla hamjaondoka, mume ashike. Hujaniambia kama uliwalea kifuani, ngozi kwa ngozi, lakini kwa njiti waliotambaa nadhani jibu ninalijua. Mwaka 2021 utafiti mmoja uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania ulionyesha kwamba njiti wakianza kulelewa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja wawe imara kwanza, vifo vinapungua kwa robo. Sindano inayaandaa mapafu tu. Joto na maziwa ni kazi ya kifua chako.

*Mama Mkunga, heshima yako. Mimi ni mganga mwenye dhamana katika wilaya mojawapo ya mkoa huu. Mwaka jana tulifanya semina ya siku mbili kuhusu sindano za kukomaza mapafu: ukumbi, projekta, posho, vyeti. Mtihani wa mwisho walipasi karibu wote. Nimepitia mafaili miezi sita baadaye, hali ni ile ile. Wanaostahili hawachomwi, wasiostahili wanachomwa, na dozi ya tatu na ya nne hazionekani. Nifanye semina nyingine?*
*Mwenye Dhamana*

Usifanye. Hizo hela za ukumbi nunua machungwa.

Sikutanii. Kwanza angalia nani alikaa kwenye viti vile. Madaktari wa mafunzo wanazunguka: miezi michache wodi ya wazazi, wanahamia upasuaji, wanahamia watoto, mwaka unakwisha wanarudi makwao. Uliowapa vyeti wengi wao sasa wako mkoa mwingine. Tanga kunani, waja leo waondoka leo. Hata elimu yetu imechukua tabia hiyo. Wanaobaki ni manesi, na nina hakika kwenye semina yako walikaa safu ya nyuma, kama walialikwa.

Pili, projekta inafundisha kutambua jibu, na hilo ni jepesi. Aliyepasi mtihani wako anajua kwamba "miligramu 6 mara 4" ndiyo herufi B. Mpe ampuli ya kweli, bomba la sindano, na mama anayelia, uone.

Nitakwambia tulichokuwa tunafanya kwenye wodi moja niliyoishika kwa miaka mingi. Kila Jumatatu, makabidhiano ya zamu yakiisha, dakika 10, kabla chai haijaja. Nesi mmoja anajifanya mjamzito, anatoa siku zake za mwisho apendavyo: "Maulidi", "Saba Saba", "wiki tuliyomzika babu". Daktari mpya ahesabu wiki kwa sauti, wote tunasikia. Aseme anachoma au hachomi, na kwa nini. Nusu ya mifano nilikuwa naiweka kwa makusudi ya wasiostahili: wiki 37, au mwenye homa na maji yanayonuka. Mtu akizoea kuambiwa "choma" kila mara anaacha kufikiri. Akisema anachoma, anavuta mililita moja na nusu ya maji kutoka kwenye ampuli, anachoma chungwa la Muheza, anaandika saa, na anataja sindano tatu zinazofuata zitaangukia zamu ya nani. Hapo ndipo dozi ya tatu na ya nne zilipokuwa zikipotea. Daktari anaandika "kila baada ya saa 12" anakwenda kulala, zamu inabadilika, inabadilika tena, na hakuna mtu anayeona kwamba ile ya saa 4 asubuhi ni yake. Baada ya kuanza kuandika majina ya zamu kwenye karatasi ya dawa, zikaanza kuonekana.

Daktari mmoja, sasa ni bingwa na ana upara, aliwahi kukosea hesabu ya Maulidi Jumatatu tatu mfululizo. Ya nne alikuja amejichora vifundo kwa kalamu ya wino, Mfungo Mosi mpaka Ramadhani, mkono mzima. Akampokelea mgonjwa hivyo hivyo. Mgonjwa aliucheka ule mkono mpaka uchungu ukamrudia.

Kwa hiyo anza Jumatatu. Usingoje bajeti, machungwa ni ya hela ndogo. Bandika karatasi moja juu ya sinia ya dawa za dharura, herufi kubwa: wiki, siku 7, maambukizi, mahali, mililita 1.5, saa 12. Zoezi mkabidhi nesi mkubwa aliongoze, maana yeye hahamishwi kila robo mwaka. Faili nazo, chukua tano tu kila mwezi, zisomwe mbele ya wote bila kutaja jina la mtu, aliyekosea atajijua.

Na machungwa mkishayachoma msiyale. Nawafahamu.